Robert Koch: Daktari aliyeona kinachoelea ndani ya chumba kilichofungwa

UKIPITA Kaptembwo mwendo wa saa mbili usiku mwezi wa Julai, utatafuta dirisha lililo wazi na usilione. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku huku si ya mchezo. Ploti nyingi ni safu mbili za vyumba vinavyotazamana, katikati koridoo, juu mabati. Chumba kina mlango mmoja na dirisha moja dogo, na dirisha lenyewe limezibwa kwa kadibodi au kipande cha blanketi kuukuu. Kuna baridi, kuna wezi, kuna vumbi. Jiko la makaa lililowashiwa nje linaingizwa ndani, watu wanne au watano wanalizunguka, na mmoja wao anakohoa.

Niliishi katika keja kama hiyo miaka miwili, vijana wanne chumba kimoja. Mwenzetu mmoja alianza kukohoa Mei. Kufika Agosti suruali zake zilikuwa zinamwanguka. Tulisema ni baridi. Tukasema ni vumbi. Mmoja wetu akasema kwao wana vifua dhaifu, ni mambo ya ukoo. Alipopimwa makohozi, ikawa ni TB, na sisi watatu tukaitwa tupimwe pia. Swali la kwanza la muuguzi halikuhusu chakula wala sigara. Alitaka kujua kama dirisha letu hufunguliwa. Tukatazamana. Dirisha tulikuwa tumelipigilia misumari.

Kisa hicho ndicho kilichonipeleka kumsoma Robert Koch, Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wengi tulimkuta katika kitabu cha bayolojia, tukakariri jina lake kwa ajili ya mtihani, tukamsahau. Kumbe jamaa huyu alipita hadi pande zetu za Afrika Mashariki, na si yote aliyoyafanya huku ni ya kujivunia.

Alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, mji wa wachimba migodi. Baba yake alikuwa afisa katika migodi hiyo na nyumba ilijaa watoto: walizaliwa 13. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka mitano aliwashangaza wazazi kwa kuwaonyesha kwamba amejifunza kusoma mwenyewe, kwa kutumia magazeti. Ndoto yake ya ujana ilikuwa kusafiri nchi za mbali. Badala yake alisomea udaktari katika chuo kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika tangu 1840 kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Wakati huo wengi waliona hayo ni mawazo tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameleta ushahidi.

Koch alimwoa Emmy Fraatz mwaka 1867, wakapata binti mmoja, Gertrud. Baada ya kuhudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, aliajiriwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn. Fikiria daktari wa kaunti ndogo: asubuhi anatibu, mchana anachanja, jioni anaitwa kuangalia maiti. Hakuwa na maabara wala maktaba. Alikuwa na hadubini, na inasemekana mkewe ndiye aliyemnunulia.

Eneo hilo lilikuwa na kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wa Bonde la Ufa wanaujua vizuri. Kondoo na ng'ombe walikufa ghafla, na wakati mwingine watu pia. Koch alitenga sehemu ya chumba chake cha kutibia wagonjwa, akaweka pazia, na nyuma yake akaanza kazi. Sindano hakuwa nayo ya kufaa, akatumia vijiti vyembamba vya mbao kuwatia panya damu ya mifugo iliyokufa. Aliifuata bakteria ya kimeta hatua kwa hatua, akaona inavyojigeuza kuwa mbegu ngumu inayoweza kulala udongoni miaka mingi ikingoja mnyama mwingine. Mwaka 1876 alifunga vifaa vyake akaenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn. Wakubwa wa huko walimwangalia huyu daktari wa mashambani akirudia majaribio yake mbele yao, wakakubali.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin kwenye Ofisi ya Afya ya dola, akapewa maabara na wasaidizi. Shida yao kubwa ilikuwa namna ya kuotesha aina moja tu ya bakteria bila kuchanganyika na nyingine. Walijaribu juu ya vipande vya viazi. Wakajaribu jelatini, ikawa inayeyuka joto likipanda. Suluhisho lilitoka jikoni: Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi, alipendekeza agari, unga wa mwani aliokuwa akiutumia kugandisha jamu. Hadi leo maabara zote duniani, pamoja na zile za Nakuru, zinaotesha bakteria juu ya agari. Jina la mama huyo halimo kwenye vitabu vingi vya shule, na sijui kwa nini tunalivumilia hilo.

Agosti 1881 Koch aliugeukia ugonjwa uliokuwa ukiimaliza Ulaya. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa aliuawa na kifua kikuu. Ugonjwa ulipiga zaidi vijana na watu wazima wenye nguvu za kazi, waliorundikana katika vyumba vya kupanga vya miji ya viwanda, vyumba visivyoona jua. Na wengi, hata madaktari, waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Familia ikishapata wagonjwa wawili watatu, watu walisita kuoa au kuolewa huko. Ndiyo yale yale tuliyoyasema sisi Kaptembwo kuhusu mwenzetu na ukoo wake.

Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu bakteria hii ina nta kwenye ngozi yake na haikubali rangi kirahisi. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine mpaka akapata mchanganyiko uliofanya tishu zote zionekane kahawia na vijiti vyembamba vibaki buluu. Kuviona hakukutosha. Ilibidi avioteshe nje ya mwili, halafu aonyeshe kwamba vikiingizwa kwa mnyama mzima vinaleta ugonjwa uleule. Bakteria nyingine huota usiku mmoja, lakini hii iliendelea kungojewa wiki mbili, tatu. Mtu mwingine angetupa chupa. Yeye alisubiri, vikaota, akavidunga kwa simbilisi, nao wakapata kifua kikuu.

Jioni ya Machi 24, 1882 alisimama mbele ya wanasayansi katika chumba kidogo cha kusomea mjini Berlin. Hakuwa msemaji mzuri. Alileta hadubini na sampuli zaidi ya mia mbili, akazipanga mezani ili kila mtu aangalie mwenyewe. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kuuliza swali. Watu walisimama kimya wakaenda kuchungulia kwenye hadubini. Tarehe hiyo ndiyo tunayoadhimisha kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Sasa, hivyo vijiti vinatokaje kwa mtu mmoja hadi mwingine? Koch aliona kwamba makohozi ya mgonjwa yamejaa bakteria, na aliamini kwamba yakikauka yanakuwa vumbi na vumbi linavutwa puani. Hapo alipata nusu ya jibu. Mwenzake Carl Flügge, katika miaka ya 1890, alionyesha kwamba mtu akikohoa au kuzungumza hutoa matone madogo sana. Jibu kamili lilipatikana Marekani katika miaka ya 1950, Koch akiwa amelala zamani. William Wells na Richard Riley walichukua wodi ya wagonjwa wa TB katika hospitali moja ya Baltimore, wakapitisha hewa yake kwa mabomba hadi chumba cha juu walikofugiwa simbilisi. Wanyama wale hawakuwahi kumwona mgonjwa wala kugusa kikombe chake. Walivuta tu hewa iliyotoka chini, na mmoja baada ya mwingine wakaambukizwa. Kundi jingine lililopewa hewa hiyohiyo baada ya kupigwa na miale ya urujuanimno lilibaki salama.

Kwa hiyo si vikombe. Si vijiko, si kusalimiana kwa mkono. Ni hewa ya chumba. Chembe hizo ni nyepesi kiasi kwamba zinaweza kuelea kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa, hata baada ya anayekohoa kutoka nje kwenda kazini.

Koch mwenyewe alikuwa ameshagusia dawa ya bei rahisi. Katika hotuba ya mwaka 1890 alieleza kwamba jua likiipiga bakteria ya kifua kikuu moja kwa moja, huifisha katika dakika chache hadi saa chache, kutegemea unene wa sampuli, na kwamba hata mwanga wa kawaida wa mchana karibu na dirisha huiua baada ya siku kadhaa. Lakini hakuna aliyeondoka kwenye mkutano ule akizungumzia madirisha. Kwenye hotuba hiyohiyo Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuuzuia ugonjwa usiendelee.

Hapa ndipo hadithi inapoharibika. Kitu hicho, kilichokuja kuitwa tuberkulini, kilikuwa ni maji ya gliserini yenye mabaki ya bakteria zenyewe. Koch hakusema kimetengenezwa vipi. Aliiweka siri, huku akitumaini kupata fedha na taasisi yake mwenyewe. Wagonjwa kutoka kila pembe ya Ulaya walimiminika Berlin, wengine wakifia njiani. Arthur Conan Doyle, daktari aliyekuwa anaandika hadithi za Sherlock Holmes, alifunga safari kwenda kujionea, akarudi na mashaka na akayaandika. Miezi michache baadaye Rudolf Virchow alipasua maiti za waliodungwa dawa hiyo, akaonyesha kwamba haikuponya na kwamba kwa baadhi yao ilikuwa imeusambaza ugonjwa mwilini. Koch alilazimika kutoa siri yake, kisha akaondoka kwenda Misri kwa muda. Taasisi akaipata mwaka 1891, lakini jina lilikuwa limechafuka. Mwaka 1893 aliachana na Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, mwigizaji aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na Berlin ikapata la kusengenya.

Tuberkulini haikutupwa. Hadi leo ndiyo hudungwa ndani ya ngozi ya mkono ili kupima kama mtu ameshawahi kuingiwa na bakteria ya TB, na ndiyo hutumika kupima ng'ombe. Dawa iliyoshindwa iligeuka kuwa kipimo.

Baada ya hapo ile ndoto ya utotoni ikatimia, akawa mtu wa safari. Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini kupambana na sotoka iliyofyeka ng'ombe. Mwaka 1897 alikuwa Bombay kwa ajili ya tauni, kisha akavuka hadi Dar es Salaam katika koloni la Wajerumani, akachunguza malaria na tauni.

Alirudi katika koloni hilo mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipoanza, na safari hii alichunguza homa inayorudirudi iliyowaangusha wasafiri wa misafara. Wenyeji walishajua kwamba inatokana na papasi, wale kupe wanaoishi katika vumbi la sakafu ya nyumba za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Koch alithibitisha kwamba papasi ndio wanaobeba vimelea, na kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake kupitia mayai. Waingereza waliokuwa Kongo walikuwa wamefikia ugunduzi kama huo, na mmoja wao, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyohiyo huko Kasongo Februari 1905. Nyumba, kwa mara nyingine, ndiyo iliyokuwa inaumiza watu. Desemba mwaka huo Koch alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Safari yake ya mwisho kubwa huku ilikuwa 1906 na 1907, kwa ajili ya malale. Ugonjwa huo, unaoletwa na mbung'o, ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 Uganda na kando ya Ziwa Viktoria. Njia ya kawaida ya kufika ziwani kutoka pwani wakati huo ilikuwa gari la moshi la Mombasa hadi Kisumu, reli ileile inayopita Nakuru. Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, na wagonjwa wakamjia kwa mamia. Aliwadunga atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni walipata nafuu. Ugonjwa uliporudi, aliongeza dozi. Zaidi ya watu ishirini walipofuka, wasione tena. Wengine walitoroka kambini kwa sababu ya maumivu. Koch alipunguza dozi lakini alimalizia kwa kupendekeza wagonjwa watengwe katika makambi maalumu, na koloni la Wajerumani likafanya hivyo.

Nimesoma sehemu hii mara kadhaa na kila mara inanikera. Mtu yuleyule aliyesubiri wiki tatu kwa subira chupa moja ioteshe bakteria, alipofika kwetu hakuwasubiri binadamu. Jaribio kama lile lisingekubalika Berlin. Basi tukimsifu kwa ya 1882, tuwataje na wale wa Sese, ambao majina yao hayakuandikwa popote pa kusifiwa.

Alirudi Ujerumani mwaka 1907, akaendelea na utafiti wa kifua kikuu, akiwa pia amekwama katika kosa moja: alishikilia kwamba TB ya ng'ombe si hatari ya maana kwa binadamu, wakati maziwa mabichi yalikuwa yanaambukiza watoto. Moyo wake ulichoka. Alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Mwili wake ulichomwa na majivu yakahifadhiwa ndani ya taasisi yake mjini Berlin.

Dawa halisi zilikuja zaidi ya miaka thelathini baadaye. Na hapa pana jambo ambalo wengi hatulijui: majaribio yaliyothibitisha kwamba TB inaweza kuponywa kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu yalifanywa Afrika Mashariki kuanzia 1970, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Vidonge anavyomeza mgonjwa leo, popote duniani, vina deni kwa watu wa huku.

Lakini Kenya bado iko kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Uchunguzi wa kitaifa uliokamilika 2016 ulionyesha kwamba vijana wa kati ya miaka 25 na 34 ndio wanaopigwa sana, na kwamba wagonjwa wengi hawajulikani kabisa, wapo tu mtaani, wanakohoa. Wako kwenye matatu. Wako kwenye vyumba kama vyetu.

Kuhusu hewa, watafiti waliopima wodi katika hospitali nane za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, waligundua kwamba wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, zilibadilisha hewa zaidi ya maradufu ya vyumba vipya vyenye mitambo ya kupitisha hewa. Kwa chumba cha ploti, dirisha peke yake halitoshi sana, maana hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha likifunguliwa pamoja na mlango, hewa inapita. Landilodi akiwa mtu wa kusikia, tundu lenye wavu juu ya mlango, karibu na mabati, linasaidia hata usiku mlango ukiwa na komeo. Na jiko la makaa libaki nje mpaka liishe, kwa sababu linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Hiyo haingoji miezi kama TB. Inamaliza kazi usiku mmoja.

Mwenzetu alimeza vidonge miezi sita, bila kulipa chochote. Baada ya wiki mbili hivi muuguzi alisema uwezekano wake wa kutuambukiza ulikuwa umeshuka sana, ila asiache dawa. Sisi watatu tulipimwa, tukapatikana hatuna ugonjwa. Siku ileile tuliazima nyundo kwa keateka tukang'oa misumari. Mwanga uliingia ukaangukia godoro lake, na vumbi likaonekana linaelea, jingi kuliko tulivyodhani. Usiku wa kwanza tulilala na soksi, majaketi na kofia, na yeye ndiye aliyelalamika zaidi kuhusu baridi.